Alama Zipi Zitumwe, Zipi Zibaki?



Juma hili nimeulizwa swali ambalo chuo cha Biblia hakikunifundisha. Binti mmoja wa idara yetu ya vijana anaomba nafasi katika vyuo vya Marekani, vile vinavyochukua wachache mno. Amefanya mtihani wa SAT mara mbili hapa Nairobi, mwezi wa nane na mwezi wa kumi. Mara ya kwanza alipata 1300, mara ya pili 1340, na alama za juu kabisa ni 1600. Alinijia baada ya ibada, simu mkononi. "Baba Mchungaji, nikituma ile ya pili peke yake nifiche ya kwanza, si nitakuwa kama Anania na Safira?"

Nilimpenda kwa swali hilo. Watu wazima wanaojaza fomu za mkopo hawaniulizi hivyo.

Habari hiyo mnaijua, Matendo ya Mitume sura ya 5. Lakini isomeni polepole. Kosa la wale wawili halikuwa kubakisha fedha. Petro mwenyewe alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza, fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuifanya ionekane ndiyo yote. Kwa hiyo nikamwambia binti yangu, kabla ya kuuliza umepata ngapi, tuulize chuo kimekuomba nini.

Tukakaa kwenye benchi la nyuma, tukasoma masharti ya chuo kimoja baada ya kingine. Wazazi, hapa nisikilizeni vizuri, kwa maana hakuna kanuni moja. Tangu 2009, College Board, wenye mtihani huo, humruhusu mtahiniwa achague matokeo ya siku gani yatumwe. Lakini ni ya siku nzima. Huwezi kuchukua Hisabati ya mwezi wa nane ukaiacha sehemu ya Kusoma na Kuandika ya siku hiyo hiyo. Chuo kinachokubali utaratibu huo kimekupa ruhusa chenyewe. Ukituma moja, hujamdanganya mtu. Georgetown nao, chuo cha Wajesuiti kilichoanza 1789, husema wanataka matokeo ya kila mara uliyokaa mtihani. Hapo ukibakisha, umeingia nyumba ya Anania, hata kama hakuna mwanadamu atakayejua. Na mwisho wa fomu unathibitisha kwa jina lako kwamba uliyoyaandika ni kweli na kamili.

Vile vyuo vya University of California havitazami SAT kabisa katika kuchagua wanafunzi. Hapo rudisha simu mfukoni.

Sasa kuna jambo lililotushangaza sote wawili. Mtihani una sehemu mbili, kila moja mwisho wake 800. Mwezi wa nane alipata Hisabati 720, na Kusoma na Kuandika 580. Hiyo 580 ndiyo iliyomtia aibu. Mwezi wa kumi Hisabati ilishuka hadi 690, Kusoma na Kuandika ikapanda hadi 650. Lakini vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka siku zote ulizotuma na kuziunganisha. Piga hesabu: 720 na 650 ni 1370. Ile karatasi aliyotaka kuizika ndiyo iliyobeba alama 30 zake! Angeificha kwa aibu, angejipunguzia mwenyewe.

Vipo pia vyuo vinavyosema kutuma ni hiari. Wakati wa korona, 2020, vingi viliacha kudai SAT. MIT wakarudi kuidai 2022, halafu 2024 Dartmouth, Brown na Harvard wakatangaza kurudi. Binti alikuwa ameona kwamba wanaoingia vyuo hivi wengi wana 1500 na zaidi, na moyo ukamwanguka. Lakini Dartmouth, kabla ya uamuzi wao, walichunguza wakaona kwamba watoto wa familia zisizo na uwezo walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia. Kwa nini? Kwa sababu maafisa hawatazami namba peke yake, hutazama na mahali ilipotoka. Na pale ambapo kutuma ni hiari, wanaotuma ni wale waliofanya vizuri, kwa hiyo hata wastani unaotangazwa hupanda. Usijipime kwa kipimo hicho ukakata tamaa. Sisemi kila alama ndogo itumwe. Kama ni hiari na alama yako iko chini hata ukizingatia shule uliyotoka, ibakishe kwa amani. Hakuna dhambi hapo.

Baba yake anaendesha bodaboda. Yeye alikuwa na swali moja tu: pesa. Ni swali la haki. Kutuma matokeo kwa vyuo vinne ni bure ukichagua kabla ya siku 9 kupita tangu mtihani, yaani mara nyingi kabla hujayaona. Baada ya hapo kila chuo ni zaidi ya dola 10, na dola mnaijua bei yake. Lakini vyuo vingi huruhusu mwombaji ajaze alama mwenyewe kwenye fomu, halafu matokeo rasmi yatumwe akishakubaliwa. Ulizeni hilo kabla ya kuuza kuku. Na yule mtu wa mjini anayesema kwa elfu kadhaa "atarekebisha" karatasi ya mtoto wako, mkimbieni. Mimi sitaombea fomu ya namna hiyo, msije ofisini.

Binti ameamua. Georgetown watapata zote mbili, kwa kuwa wameziomba. Viwili vinavyounganisha alama bora watapata zote mbili pia. Kimoja ambacho ni hiari, alikaa nacho usiku mzima, asubuhi akaniandikia, "Baba Mchungaji, nimetuma. Walimu wangu walinifundisha hesabu bila vitabu vya kutosha, wacha waione hiyo 720."

Majibu mengi hutoka karibu na mwisho wa Machi. Ibada ya vijana ni Jumatano saa kumi na moja jioni. Mwenye mtoto anayejaza fomu, aje naye, na aje na karatasi zote.