Amplifaya ya Masikio Mawili ya Ziada

Ukiingia katika duka la vifaa vya muziki hapa Bunia na kuomba amplifaya, muuzaji hukuuliza jambo moja kabla ya kutaja bei. Mimi niliulizwa hivi: "Mudogo, unataka ampli ya watu wangapi?" Huku kwetu amplifaya ni kifaa cha kanisa, cha harusi na cha matanga. Ukubwa wake hupimwa kwa idadi ya viti. Nilipojibu, "Ya mutu moya," alicheka, akamwita mwenzake aje asikie.

Nilikuwa natafuta kitu kidogo, cha kuweka mezani kati ya kompyuta na hedifoni. Nyumbani nina kompyuta ya mkononi iliyozeeka, na hedifoni ya Beyerdynamic, DT 770 Pro, niliyoachiwa na binamu yangu aliyewahi kufanya kazi redioni. Nina pia saa sita za rekodi za mama mmoja mzee, msemaji wa Kilendu kutoka upande wa Djugu, aliyeishi kwa jamaa zake mtaani Nyakasanza wakati wa ukimbizi. Alinisimulia jinsi walivyokimbia, nani alikwenda wapi, nani alibaki. Sasa amerudi kwao, na barabara ya huko si ya kuitegemea kila siku. Rekodi hizo ndizo msingi wa tasnifu yangu, lakini kabla ya kuwa data ni maneno yake. Nikiyaandika visivyo, nitakuwa nimemlisha maneno.

Kazi yenyewe si nyepesi kwa mtu kama mimi, niliyelelewa kwa Kialur na Kiswahili. Kilendu ni lugha ya Kisudani ya Kati, si ya Kibantu. Ina toni, ina konsonanti zinazotamkwa kwa kuvuta hewa ndani, na ina silabi zinazosikika kana kwamba hazina irabu, bali mvumo wa s, z au r unaoshika nafasi yake. Constance Kutsch Lojenga aliziandikia silabi hizo makala mwaka 1989, na mwaka 1994 akatoa sarufi ya Kingiti, lugha ndugu inayosemwa kusini zaidi, Irumu. Katika lugha za ukoo huu toni haitenganishi maneno tu, hufanya kazi hata katika vitenzi. Na kwa mtu anayesimulia ukimbizi, tofauti kati ya waliorudi na watakaorudi si suala la sarufi peke yake.

Kwa hiyo nilianza kujiuliza: ni nini hasa kinachonizuia kusikia? Jibu la haraka lilikuwa kwamba sauti ni ndogo. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Hedifoni yangu ina ukinzani wa ohmu 250, na kiwanda kinasema kwamba kwa miliwati 1 hutoa desibeli 96. Ili kupata miliwati 1 katika ohmu 250 unahitaji volti 0.5. Lakini desibeli 96 ni kelele. Kusikiliza mazungumzo vizuri, desibeli 70 hadi 75 zinatosha, na hizo hupatikana kwa chini ya volti 0.1. Tundu la kompyuta yangu, hata kwa uzee wake, linaziweza. Na pale rekodi yenyewe ilipo chini, programu kama Audacity huiinua bila kulipa senti. Kumbe nguvu haikuwa shida yangu.

Shida ilikuwa mngurumo. Umeme wetu hutoka katika jenereta ya jirani, tunayoilipia kwa mwezi, kila nyumba na waya wake. Kompyuta ikiwa katika chaji, tundu lake la sauti hutoa mvumo wa chini unaosikika hata kabla ya kufungua rekodi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na uchafu wake hujirudia katika 100, 150, 200 na kuendelea. Sasa fikiria sauti ya mama mzee: toni zake hupanda na kushuka karibu na hezi 150 hadi 250. Mngurumo umekaa palepale toni inapoishi. Ukiongeza sauti, unaviongeza vyote viwili sawasawa. Watu wengi huongeza hadi masikio yanauma, wakidhani wanakaribia neno, kumbe wanaikaribia jenereta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mwenye kunakili rekodi anaweza kuzimaliza saa hizo kabla ya Jumamosi.

Hapo nikajua ninachotafuta: si kifaa cha kunipa sauti kubwa, bali cha kunipa ukimya chini ya sauti. Kifaa cha namna hiyo hukaa nje ya kompyuta, hupokea namba za rekodi kupitia USB, huzigeuza kuwa sauti mbali na vurugu za ndani ya mashine, kisha huisukuma sauti hiyo hadi kwenye hedifoni.

Nilipokuwa nasoma habari za vifaa hivi nilikutana na kisa ambacho kitawafurahisha wanaosoma fasihi. Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejiita NwAvGuy, asiyejulikana jina lake la kweli mpaka leo, alitoa mchoro wa amplifaya aliyoiita O2, akauacha wazi ili yeyote aijenge. Alidai kwamba amplifaya nzuri haina ladha yake. Inapaswa kupitisha kilichorekodiwa bila kuongeza wala kupunguza, na hilo lithibitishwe kwa vipimo badala ya sifa. Mwaka 2012 akanyamaza, hakusikika tena. O2 ilinivutia pia kwa sababu inaweza kutumia betri mbili za volti 9, jambo ambalo mtu wa Bunia halipiti hivihivi. Lakini yenyewe haigeuzi namba kuwa sauti. Ingenilazimu kununua kifaa cha pili.

Amplifaya nyingine nyingi za mezani niliziacha kwa sababu hutegemea adapta ya ukutani. Jenereta ikizimwa saa nne usiku, nazo zinazima, na saa nne usiku ndiyo saa mtaa unapotulia na kazi inapoanza. Nilibaki na aina inayopata umeme wake kutoka kompyuta yenyewe, mfano wake FiiO E10K. Kifaa hicho hakikati uchafu wote wa umeme, maana bado kinakula kutoka USB. Lakini nikichomoa chaji na kutumia betri, mvumo wa mashine hutoweka. Betri yangu inadumu saa mbili, na saa mbili zinatosha kwa dakika kumi za rekodi. E10K ina swichi ya kuongeza besi. Kwa muziki wa Jumapili ni sawa. Kwa toni, swichi hiyo hunenepesha sehemu ileile yenye mngurumo, kwa hiyo haiguswi.

Nilikuwa na dola 90, akiba ya kufundisha Kifaransa jioni. Fedha hizo zingeweza pia kwenda katika jambo jingine: kumlipa mwenzangu, kaka mmoja ambaye Kilendu ni lugha yake ya kwanza, aje tusikilize pamoja. Kwa majuma mawili niliyaona mambo hayo mawili kama yanashindana, kifaa upande huu na mtu upande ule. Kisha nikaona kwamba mtu ndiye sababu ya kifaa.

Tukisikiliza kwa spika, kuta za bati na mtaa mzima vinaingia. Tukibadilishana hedifoni, kila mmoja anasikia kwa zamu, na tunabishana juu ya kumbukumbu badala ya sauti. Kusikiliza pamoja kunataka hedifoni mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo tundu la kompyuta linaposhindwa. Hedifoni mbili zikiunganishwa sambamba, ukinzani wote hushuka na mkondo unaohitajika hupanda. Yake ni ya ohmu 32. Kwa volti ileile hupokea nguvu karibu mara nane ya yangu. Tundu dhaifu hubadilika tabia mzigo unapobadilika, lakini amplifaya yenye ukinzani mdogo wa kutolea, wa ohmu 1 hivi, haitikisiki. Nikaongeza kigawanyo chenye kirekebisha sauti kila upande, ili asiumie yeye ninapotafuta mimi. Mfanyabiashara aendaye Kampala aliniletea E10K na kigawanyo kwa pamoja. Mwenzangu alikubali kulipwa kwa mafungu, na sehemu kwa masomo ya Kifaransa ya binti yake.

Usiku wa kwanza tulisikiliza dakika nne tu. "Mudogo, rudisha," aliniambia, nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu aliinua kidole palepale toni iliposhuka, nami nilikuwa nimekwisha kuinua changu. Jenereta iliyoingia ndani ya rekodi siku ile bado imo, na hakuna amplifaya itakayoitoa. Lakini ile iliyokuwa ikiongezwa na mashine yetu haipo, na sasa tunajua ipi ni ipi.

Daftari la rekodi tatu za mwanzo limekamilika. Sehemu tulizozitilia alama ya swali zimebaki saba. Tano ni za majina ya vijiji, ambayo mwenzangu atayauliza kwa wazee wake. Mbili ni za kitenzi kimoja: yeye anasikia kwamba watu wale walirudi, mimi nasikia kwamba watarudi. Tumeacha yote mawili ukurasani, moja juu ya jingine, na barabara ikifunguka tutakwenda kumsomea mama mwenyewe ili aseme.