Si Macho, Ni Kipimo

Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Waama, hawakuziona skrini za siku hizi!

Mfadhili alipotuletea tarakilishi mbili mpya, wanafunzi wote walishangilia isipokuwa jirani yangu wa dawati. Yeye ana ualbino na vitu vidogo havioni vizuri. Skrini zenyewe zilikuwa safi ajabu, lakini maandishi yake yalikuwa kama chawa. Wengine wakaanza kunong'ona ati msichana huyu aache somo la tarakilishi. Jambo hilo lilinikera mno, kwani katika hisabati hakuna wa kumshinda.

Nilimwendea mwalimu, naye akatueleza sote. Skrini huundwa kwa nukta. Nyingi tulizozoea zina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Hizi mpya zina 3840 kwa 2160, yaani nukta mara 4 kwenye kioo kilekile. Basi herufi yenye kimo cha nukta 16 ikiwekwa humo bila kubadilishwa, itaonekana nusu ya ilivyokuwa. Kumbe shida si macho bana, ni kipimo!

Mvulana mmoja akasema, "Si tupunguze tu nukta?" Mwalimu akacheka. Herufi zingekuwa kubwa kweli, lakini usafi wote ungepotea bure. Dawa ni kufungua mipangilio na kuongeza ukubwa hadi asilimia 200. Hapo herufi ya nukta 16 huchorwa upya kwa nukta 32, ikawa kubwa na safi. Hata simu ya iPhone 4 ya mwaka 2010 ilifanya hivyo: nukta ziliongezeka mara 4, lakini vitufe vikabaki saizi ya kidole. Hata hivyo, programu za zamani zisizojua mpango huu huvutwa tu kama picha kwenye puto, zikaonekana zenye ukungu.

Sisi tulitosheka na asilimia 200. Jirani yangu aliwekewa 300, na siku hiyohiyo akamaliza zoezi kabla yangu!

Msomaji, ukimwona mwenzako akikodoa macho mbele ya skrini, usiharakishe kusema haoni. Mfungulie mipangilio, umwulize, "Asilimia ngapi yakufaa?"