Nukta Mbili Zilizoniponza

Haraka haraka haina baraka, walilonga wahenga. Nami, msomaji mwenzangu, niliyaona kwa macho yangu mawili.

Muhula wa pili mwalimu mlezi wa chama alinipa kazi ya kukusanya tungo za jarida hili. Nilijiona bingwa wa tarakilishi! Nikaunda kijiprogramu: mwanachama anachapa utungo wake, programu inauhifadhi kwenye faili yenye jina sawa na anwani ya utungo. Tarakilishi zetu zinatumia Linux, nayo Linux haina makuu na majina. Karibu kila alama inaikubali, ila mkwaju.

Ijumaa jioni nikanakili faili zote 41 kwenye flashi kwa amri moja. Maneno fulani ya Kiingereza yakapita kwenye skrini mbio mbio. Sikuyasoma. Sisi wa kutwa tunajua, matatu ya saa kumi na mbili haimngoji mtu. Wikendi hiyo mashine zikafutwa na kuwekwa upya.

Jumatatu mwalimu akachomeka flashi kwenye kipakatalishi chake. "Wee, mbona ziko 35?" Nilipigwa na butwaa.

Kumbe flashi ile ilipangwa kwa mtindo uliotoka enzi za DOS, na Windows inafuata sheria zizo hizo. Huko nukta mbili ni za kutajia diski, kama vile C:, nacho kiulizi na kinyota ni vya kutafutia faili. Ndani ya jina havitakiwi kabisa. Basi "Maji: Uhai Wetu" na "Mama Yuko Wapi?" zikafungiwa mlango. "Ng'ombe wa Babu" ikapita salama salimini na ritifaa yake, ile niliyokuwa nikiihofia mimi!

Watano walikuwa na nakala za karatasi. Wa sita, kijana wa kidato cha kwanza, alitunga papo hapo kwenye mashine. "Sasa kaka, shairi langu liko wapi?" Sikuwa na jibu.

Siku hizi programu yangu inabakisha herufi, tarakimu na kistari tu, inatanguliza nambari ili majina yasigongane, na anwani kamili inakaa ndani ya faili. Lakini yeye ilibidi tuketi chini ya mwarobaini adhuhuri tatu, akikumbuka nami nikiandika. Shairi lake mtalisoma humu. Lilikuwa na beti tano. Ubeti wa nne hakuukumbuka.