Mpala, Kando ya Ziwa

Tulifika Mpala, kando ya ziwa Tanganika. Boma alilolijenga Mbelgiji Storms, Mapadri Weupe walilipokea mwaka 1885. Kuta zake ni nene, lakini si kuta zilizotuonyesha afya ya Kanisa.

Jumapili ile padri hakuwapo. Katekista aliongoza sala. Kabla ya kuanza, wavuvi wawili waliokuwa wamegombania wavu walipeana mikono mbele ya wote. Sala ilipokwisha, akina mama walimpelekea mjane mgonjwa ugali na ndakala.

Padri huja na kuondoka, jirani hubaki. Wakristu wasiosameheana ni mtumbwi uliotoboka: hata ukipakwa rangi, utazama. Je, katika shirika letu, nani angali anaungoja mkono wetu?