NANI ATAMUOSHA?



Ndugu zangu katika imani, leo nina jambo la kukiri mbele yenu.

Nilikwenda Uingereza kumtembelea mtoto wa dada yangu. Yeye ni fundi wa taa katika jumba la maigizo, na kwa sababu ya kazi hiyo nilikaa miaka bila kumpigia simu. Akaniambia, "Mjomba, njoo uone kazi yangu mara moja tu." Najua wapo watakaouliza hukumu ya muziki. Msimamo wangu mnaujua, haujabadilika. Nilikwenda kuunga udugu.

Igizo lenyewe linaitwa Rent, na karibu lote ni nyimbo. Magitaa ya umeme yalinitikisa kifua. Ni habari ya vijana mafukara wa New York zama za ukimwi. Wako katikati ya mambo yao, ghafla kidude kinalia: wakati wa kumeza AZT. Baadaye mmoja anakufa, wenzake wanakusanyika kumlilia. Mengi katika mwenendo wao siafikiani nayo. Lakini mgonjwa wao hawakumkimbia.

Hapo nikainamisha kichwa.

Mwaka 1996, mwaka ule ule igizo hilo lilipoanza, mimi nilikuwa mwalimu kijana wa madrasa. Jirani yetu akafariki kwa ugonjwa huo. Nikaitwa kumuosha. Nikasema nina homa. Wallahi sikuwa na homa, nilikuwa na hofu. Mzee mmoja muuza kahawa akaingia na kaka wa marehemu, wakamuosha wawili tu. Ilipofika swala ya jeneza, homa yangu ikapona, nikasimama safu ya mbele!

Tulipotoka, mpwa wangu akanisimulia habari za mtunzi, Jonathan Larson. Alihudumu mkahawani miaka mingi huku akiandika. Alfajiri ya Januari 25, 1996, siku iliyopangwa kwa onyesho la kwanza mbele ya watu, akafa kwa kupasuka mshipa mkubwa utokao moyoni. Umri wake miaka 35. Igizo likaonyeshwa Broadway miaka 12, yeye hakuona hata siku moja.

Nikajiuliza: na mimi ninasubiri nini?

Niliporudi nikaenda kwa mama wa marehemu. Amezeeka, hasikii vizuri. Ikanibidi niseme kosa langu kwa sauti ya juu, na majirani wakasikia. Akanishika mkono, akasema, "Nilijua siku ile ile, mwanangu. Nilikuwa nakungoja."

Ndugu msomaji, kumuosha maiti ni faradhi kifaya. Wakiacha wote, wote wana dhambi. Yupo mgonjwa unayempita? Yupo ndugu uliyemkata? Nenda leo, ajali haibishi hodi.

Allah atusamehe tuliyoyakimbia, awarehemu waliotutangulia. Aamin.