Kongosho langu bado linafanya kazi?

Nilipotea kidogo, testi zilitubana na bumu lenyewe limeshakata. Leo nina habari za sukari, si ya chai, ile ya kwenye damu.

Wengi mnajua najichoma insulini tangu 2022, nikiwa kidato cha sita. Sasa mwezi uliopita shangazi akanitumia chupa ya dawa ya mizizi kwa basi. Akapiga simu: "Mwanangu, kunywa hii wiki mbili, sindano acha. Jirani yangu kaacha na yuko mzima." Shangazi huyu ndiye aliyenilipia ada mpaka nikafika hapa, kumkatalia hivi hivi si rahisi. Nikamjibu, "Nimekusikia shangazi, ngoja kwanza nipime."

Kupima nini? Sio sukari, hiyo napima kila siku. Nilitaka kujua kama kongosho langu bado linatengeneza insulini. Ukipima insulini yenyewe kwa mtu kama mimi, utaikuta na ile niliyojichoma. Ndo maana wanapima C-peptaidi.

Iko hivi. Mwaka 1967 Donald Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba mwili huanza kwa kutengeneza kitu kimoja kirefu, proinsulini. Kikikatwa, unapata insulini na kipande kilichobaki, ndo C-peptaidi. Kila insulini moja, C-peptaidi moja. Ni kama nazi: ukitaka kujua nyumba fulani wamekuna ngapi, hesabu vifuu jalalani. Anayenunua tui la pakiti hana vifuu. Insulini ya dukani ndo tui la pakiti, haina C-peptaidi. Halafu ini hunasa karibu nusu ya insulini inayotoka kwenye kongosho, lakini C-peptaidi inapita. Tena inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kwa hiyo ni rahisi kuikamata.

Ila kina masharti. Sukari isiwe chini wakati wa kutoa damu, maana hapo hata kongosho zima hupumzika. Figo zikiwa mbovu, namba hupanda bure. Na kwa aliyeanza kuugua juzi juzi kongosho linaweza kuwa bado linajikongoja, likamdanganya. Ikipita miaka mitatu hivi, jibu linaaminika zaidi.

Namba nazo: chini ya pikomoli 200 kwa lita, insulini ya mwili imekwisha au iko karibu kwisha. Zaidi ya 600, mara nyingi ni kisukari aina ya pili, na daktari anaweza kufikiria kumhamishia mtu kwenye vidonge. Katikati hapo wanaangalia na mambo mengine. Kwa hiyo jirani wa shangazi huenda hakudanganya. Huenda kongosho lake lilikuwa na akiba, langu halina.

Majibu yangu yalitoka Alhamisi: 60. Sukari wakati huo ilikuwa 11, yaani kongosho lilikuwa na kila sababu ya kufanya kazi. Nilikaa kwenye benchi nje ya maabara nikaikodolea macho ile karatasi. Miaka yote hii kuna sehemu ndani yangu ilikuwa inasubiri kuambiwa tulikosea. Mtu wa namba hii akiacha sindano, damu inajaa asidi, na ndani ya siku chache tu anaweza kufa.

Jioni nikampigia. Shikamoo, marahaba, nikamweleza habari ya vifuu. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo jalalani hakuna kitu?"

"Vipo viwili vitatu shangazi, havitoshi mboga."

"Basi mwanangu, usiache sindano. Hiyo chupa mwaga." Kisha akauliza insulini ya mwezi ni shilingi ngapi.