Ukumbi Uliotunzwa na Biashara: Kisa cha Richmond

Historia ya sanaa za maonyesho aghalabu huandikwa kwa kufuata watunzi na tamthilia zao, ilhali majumba yenyewe hutajwa kando tu. Lakini jumba nalo lina historia yake, na historia hiyo huweza kupinga yale yanayodhaniwa kuwa wazi. Ukumbi wa mji mdogo wa Richmond, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza, ni mfano mzuri.

Ukumbi huo ulijengwa mwaka 1788 na Samuel Butler, mwigizaji aliyeongoza kundi lake mwenyewe. Kundi hilo lilizunguka miji kadhaa, ikiwemo Harrogate, Ripon na Whitby, na kuigiza kwa msimu katika kila mji. Uhai wa ukumbi, basi, ulitegemea mzunguko. Butler alifariki mwaka 1812; hatimaye familia yake iliuachilia ukumbi, na maonyesho yakafifia. Mwaka 1848 sehemu ya chini ya watazamaji ilifunikwa kwa sakafu ya mbao. Chini yake pakawekwa mvinyo, juu yake pakawa pa mnada. Baadaye jengo lilitumiwa kwa biashara ya nafaka, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia likawa ghala la vitu chakavu.

Mpenda sanaa huenda akaiona miaka hiyo kuwa ya fedheha. Hata hivyo, mfanyabiashara alihitaji paa na nafasi. Hakuwa na haja ya kubadili roshani ili kufuata ladha mpya ya hadhira. Kumbi zilizoendelea na maonyesho hazikuwa na salama hiyo: ule wa Covent Garden, London, uliungua mwaka 1808, ukajengwa upya, ukaungua tena mwaka 1856. Ukumbi wa Richmond ulifunguliwa tena mwaka 1963, ukiwa na umbo lake la karne ya 18.

Kilichohifadhiwa, lakini, ni mbao na kuta. Kundi lililozunguka, na hadhira iliyolisubiri kila msimu, havikuwa na ghala la kuvitunza. Kwa hiyo mtafiti anayesimama mbele ya ukumbi uliogeuzwa maduka ana kazi mbili: kuchunguza kilichofichwa na sakafu, na kuwasikiliza waliokaa humo kabla hawajatoweka. Kazi ya kwanza yaweza kungoja; ya pili haingoji.